Kambale wa Mtera na shtaka la kumaliza perege

Ombi lililoletwa na wavuvi wa mwalo mmoja wa bwawa la Mtera, upande wa Iringa, lilikuwa fupi na lilikuwa na mantiki yake. Perege wamepungua, na wanaonaswa ni wadogo. Kambale bado wapo. Ukimpasua kambale unamkuta perege tumboni. Kwa hiyo wavuvi waruhusiwe kumpunguza kambale kwa kuvuta kokoro, yaani wavu wa kukokota, kwenye maji ya pembeni, hasa kule mito inakoingilia bwawani, ambako kambale hujazana mvua zinapoanza.

"Huyu ni fisi wa maji, afisa," alisema mzee mmoja aliyewasemea wenzake. "Hachagui. Anakula hadi sabuni."

Hilo la sabuni si porojo. Kule Kariba, kati ya Zambia na Zimbabwe, wavuvi wa vundu, ndugu mkubwa wa kambale, wametumia vipande vya sabuni ya mche kama chambo kwa miaka mingi na wanapata. Samaki wa jamii hii hutafuta chakula kwa harufu na mguso kuliko kwa macho, na mafuta yaliyomo kwenye sabuni humvuta. Lakini samaki anayekubali kila kitu si lazima awe ndiye anayemaliza kitu kimoja. Nilitakiwa kutoa maoni juu ya ombi hilo, na maoni yangu yalikuwa kulikataa. Ninaeleza hapa njia niliyopita, kwa sababu shtaka hili linasikika kwenye mabwawa mengine pia, na mara nyingi linapita bila ushahidi kukaguliwa.

Kwanza mahali penyewe. Bwawa la Mtera lilikamilika mwaka 1980 kwenye Ruaha Mkuu, mpakani mwa Iringa na Dodoma. Halikujengwa kwa ajili ya samaki. Lilijengwa kuhifadhi maji ya masika ili mitambo ya Kidatu, iliyo chini zaidi kwenye mto huohuo, isisimame kiangazi. Kituo cha umeme cha Mtera chenyewe, cha megawati 80, kilikuja mwaka 1988. Likijaa kabisa, uso wa maji unafika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Kiwango cha chini cha kufulia umeme ni mita 690. Tofauti hiyo ya mita nane na nusu ukiisikia ofisini unaona ni kidogo, lakini bonde la Mtera ni tambarare. Maji yakishuka mita moja, ukingo unaweza kurudi nyuma umbali wa kutembea kwa miguu hadi ukachoka. Penye maji mwezi wa tano, mwezi wa kumi na moja panachungwa ng'ombe. Mwaka 2006 maji yalipungua hadi nchi nzima ikalijua jina la Mtera kwa sababu ya mgao wa umeme.

Tena mto wenyewe umebadilika. Tangu miaka ya mwanzo ya 1990, Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kabla haujafika bwawani. Maana yake ni kwamba bwawa halipati chakula kwa kiwango kilekile mwaka mzima. Linapata shehena kubwa mvua zinapokuja, kisha linaishi kwa akiba huku ukingo wake ukihama kila wiki. Mtu akiuliza kambale wa Mtera anakula nini bila kutaja mwezi na kina cha maji, ameuliza nusu ya swali.

Sasa ushahidi wa wavuvi. Nilipofika mwaloni asubuhi, akina mama wachuuzi walikuwa wameshaanza kupasua kambale kwa ajili ya kubanika, na mzee akaniita nione mwenyewe. Kweli, kambale wa kwanza aliyepasuliwa mbele yangu alikuwa na perege tumboni, mzima, kichwa kimeelekea ndani. Mzee hakusema neno. Aliniangalia tu.

Nilimwomba mama aliyeshika kisu anitolee yule perege tumuoshe. Ngozi ya mkiani ilikuwa imeanza kulainika, lakini kiwiliwili kilikuwa bado kizuri. Nyuma kidogo ya matamvua, kuzunguka mwili mzima, palikuwa na mstari mwembamba ambapo magamba yalikuwa yamenyofoka na ngozi imebonyea. Kila mtu aliyekuwa pale anaujua mstari huo, maana upo kwenye kila perege anayenaswa kwenye wavu. Ni alama ya uzi. Perege yule hakuwindwa na kambale kwenye maji ya wazi. Alinaswa kwanza, akaning'inia, na kambale akaja kuchukua alichokuta tayari.

Na hakuwa kifaranga. Alikuwa na ukubwa uleule wa perege wengine waliokuwa kwenye beseni, yaani ukubwa unaochaguliwa na macho ya wavu. Tuliendelea kupasua. Perege waliokutwa kwenye kambale wa nyavuni, wale ambao ngozi yao ilikuwa bado inasomeka, wengi walikuwa na mstari huo.

Wavu hutegwa jioni na kuinuliwa alfajiri. Perege wanaonasa mapema wanakaa humo saa nyingi, wengine wamekufa, wengine wanatapatapa. Kambale hula zaidi usiku. Ana jozi nne za sharubu za kupapasia na kuonjea, ana pua kali, na ngozi yake ina vinyweleo vya hisia vinavyopokea hata umeme hafifu unaotoka kwenye mwili wa kiumbe kilicho hai. Kwake, wavu wenye perege wanaopigapiga mikia ni mwaliko. Anakula, kisha baadhi yao wananasa papo hapo kwa miiba ya mapezi. Mvuvi anaporudi alfajiri anakuta kambale mwenye perege tumboni, na vichwa vya perege vimebaki kwenye nyuzi. Hasara hiyo ni ya kweli na inauma. Ila ni wizi wa wavuni. Perege yule alikuwa ameshavuliwa kabla kambale hajamgusa.

Ndiyo maana jambo la kwanza kuuliza mbele ya tumbo la kambale ni: huyu kavuliwa kwa chombo gani, na saa ngapi? Kambale wa ndoano naye ana upotofu wake. Ndoano yenye chambo inamvuta aliye na njaa, kwa hiyo matumbo mengi yatakuwa matupu au yatakuwa na chambo chenyewe, na mtu asiye makini ataandika dagaa kwenye orodha ya vyakula vya kambale wa bwawa ambalo dagaa huyo aliletwa kwa gunia. Wanaosema ukweli zaidi ni wale walioingia kwenye migono, ile mitego ya kusukwa, isiyo na chambo, au waliopatikana kwa kimia, wavu wa kurusha, na matumbo yao yafunguliwe papo hapo. Kwenye maji ya joto kama ya Mtera, chakula laini hakikai muda mrefu kikiwa na sura yake.

Tulipogeukia kambale wa migono iliyotegwa kwenye majani na miongoni mwa miti mikavu iliyozama, picha ilibadilika. Tumbo la kambale ni mfuko mnene mweupe. Ukiupasua na kuukamulia kwenye sahani nyeupe yenye maji kidogo, mara nyingi kinachotoka ni uji. Uji wa kijivu, au wa kahawia wenye vipande vipande. Mvuvi anautazama na kusema "tope" na kuumwaga. Ukiusambaza kwa maji na kuuangalia kwa lenzi ya mkononi, tope linaanza kuwa na viungo: mabuu mekundu ya usubi wa ziwani, yule asiyeuma, maelfu ya vichwa vyao vidogo vyeusi, mabawa ya mende wa maji, mguu wa chura, mbegu, nyuzi za majani. Na kwenye uji wa kijivu unaona vidoa vyeusi vidogo sana, kimoja kimoja. Hivyo vidoa ni macho. Kila kimoja ni cha kijidudu cha jamii ya dafnia, mdogo sana, anayeelea majini.

Mzee hakuamini. Kwa nini samaki wa urefu wa mkono mzima ahangaike na vitu visivyoonekana?

Jibu liko kwenye matamvua, na hapa ndipo kambale anapowashangaza wanaomjua kwa mdomo wake tu. Mdomo ni mpana na una mikanda ya meno madogo makali kama msasa, nao unaonekana wazi kuwa umeumbwa kushika. Lakini ukifunua kifuniko cha shavu utaona kwenye matao ya matamvua safu ya vijiti vyembamba vilivyosimama karibu karibu. Hivyo ni chujio. Kwa kambale mkubwa, safu ya tao la kwanza pekee inaweza kufika vijiti 100 na zaidi, na idadi huongezeka kadiri samaki anavyokua. Yaani kambale akikua hapati mdomo mkubwa tu. Anapata na chujio bora. Anaweza kupita juu ya maji au katikati ya wingu la vijidudu akifungua na kufunga mdomo, akala bila kukimbiza kitu.

Hili lilipimwa vizuri zamani kwenye bwawa la tropiki linalofanana na letu kwa mambo kadhaa. Ni lile lililojengwa mwaka 1952 kwenye mto Manyame kwa ajili ya maji ya jiji ambalo leo ni Harare. Wakati huo liliitwa Lake McIlwaine, sasa ni Ziwa Chivero. J. L. Munro alichunguza vyakula vya samaki wa humo na kuchapisha matokeo mwaka 1967. Kwa kambale wadogo, chakula kikuu kilikuwa wadudu, hasa mabundo ya usubi, yaani hatua kati ya buu na mdudu kamili. Kadiri kambale walivyokuwa wakubwa, wadudu walipungua na vijidudu vinavyoelea viliongezeka, hadi kwa kambale wakubwa kabisa ndivyo vilivyotawala. Samaki walibaki sehemu ndogo ya chakula katika rika zote. Na uwiano ulibadilika kwa majira.

Soma tena sentensi hiyo ya wakubwa. Wavuvi wengi, na wataalamu wasio wachache, hufikiri kwamba kambale akizidi ukubwa ndipo anakuwa mla samaki. Chivero inaonyesha kwamba si lazima.

Wala si kanuni ya kudumu. Mike Bruton, aliyemchunguza kambale huyuhuyu katika ziwa Sibaya, KwaZulu-Natal, miaka ya 1970, alimkuta akiwa mwindaji hasa wa jamii ya perege: usiku kambale wakubwa walisogea kwenye maji ya kina kifupi ambako perege wadogo walilala, na huko wakawashika. Aliwaona wakila peke yao chini, wakila juu ya maji, na pia wakijipanga kundi kuwabana samaki. Kwenye delta ya Okavango, Botswana, Glenn Merron alieleza mwaka 1993 makundi ya kambale yanayowinda kwa pamoja maji yanaposhuka, na windo lao kubwa ni samaki wa jamii ya ntachi, wale wenye umeme hafifu. Miaka michache baadaye majaribio ya maabara yalionyesha kwamba kambale anaweza kumtambua samaki wa aina hiyo kwa umeme anaoutoa.

Kwa hiyo tunaye samaki mmoja, mwenye jina moja la kisayansi, Clarias gariepinus. Chivero anachuja vijidudu, Sibaya anavamia perege waliolala, Okavango anawinda kwa kundi. Anayebadilika ni mazingira. Anakula kile ambacho mahali na saa ile kinampa shibe kwa jasho dogo. Perege mzima mwenye macho, mwenye mbio na mwenye miiba mgongoni si jasho dogo, labda awe amelala, amenasa, au amebanwa.

Kabla sijafika kwenye kubanwa, kuna suala la hesabu ambalo lilichukua sehemu kubwa ya mjadala wetu. Hata mkikubaliana kufungua matumbo, mnaweza kutoka na majibu matatu kutoka sahani ileile. Chukua mfano wa kubuni. Kambale kumi. Mmoja ana perege wa gramu 40. Tisa wana uji wa vijidudu, gramu tatu kila mmoja. Katika hao kumi, wanane wana mabuu ya usubi ya gramu 0.2 kila mmoja. Ukipima kwa uzito, jumla ni gramu 68.6, na perege peke yake ni asilimia 58: kambale ni mla samaki. Ukipima kwa mara ya kuonekana, samaki yupo kwenye tumbo moja kati ya kumi, vijidudu kwenye tisa, mabuu kwenye manane: kambale ni mla vijidudu na wadudu. Ukihesabu vichwa, perege ni mmoja mbele ya maelfu: hata haonekani kwenye jedwali. Na iwapo yule perege mmoja ana alama ya uzi shingoni, mwondoe, na samaki wanakuwa sifuri kwa vipimo vyote vitatu.

Hakuna kipimo hapo kinachodanganya. Kila kimoja kinajibu swali lake. Ila mtu akikuletea asilimia moja bila kusema imepatikanaje, usimjengee sheria juu yake.

Kuna upotofu mwingine ambao hesabu haiwezi kuuondoa. Vitu vigumu hudumu tumboni kuliko vilaini. Magamba, mawe ya sikio na lenzi ya jicho la samaki, ile chembe ngumu kama shanga, hubaki baada ya nyama kuisha. Maganda ya wadudu nayo hubaki. Minyoo na vijidudu laini huyeyuka. Kwa hiyo jicho tupu la mwaloni linaelekea daima upande wa kumtia kambale hatiani: linaona perege na mifupa, halioni uji. Kwa upande wa pili, lenzi za macho zinatusaidia kutowaficha samaki walioliwa, maana ukikuta lenzi nne kwenye uji unajua wameliwa samaki wawili angalau hata kama hakuna mfupa. Kwenye kambale wa migono tuliowapasua, lenzi zilikuwepo. Kambale wa Mtera anakula vifaranga vya perege. Hilo sikulikataa na silikatai.

Anavila lini, basi? Hapa turudi kwenye ule ukingo unaohama.

Mvua za kwanza huja mwishoni mwa mwaka. Kumbikumbi wanatoka, wanaangukia majini kwa wingi, na kambale wanapanda juu kuwala. Maji yanapopanda juu ya ardhi iliyokuwa malisho, yanafunika nyasi, samadi, mashimo ya panya na vichuguu. Minyoo, mende, panzi na vyura wote wanakuwa chakula cha bure. Samadi nayo inarutubisha maji, mwani unachanua, na vijidudu wanafuata. Wakati huohuo kambale wanaingia kwenye nyasi hizo zilizofunikwa kutaga. Mayai hunata kwenye majani, huanguliwa kwa siku moja hivi au zaidi kidogo kulingana na joto la maji, na wazazi huondoka bila kulea. Vifaranga vya kambale vikimaliza kiini huanza na vijidudu, na muda si mrefu vinaanza kulana vyenyewe, jambo ambalo kila mfugaji wa kambale analijua kwa hasara. Adui mkubwa wa kambale mdogo mara nyingi ni kambale mwenzake aliyemzidi mwili.

Katika kipindi hicho cha maji kupanda, perege wadogo wamejificha kwenye nyasi zilezile na kambale ana meza iliyojaa. Ni wakati ambao kifaranga cha perege kina thamani ndogo kwake.

Kisha maji yanaanza kushuka. Ukingo unatoka kwenye nyasi na kubaki kwenye tope tupu. Vifaranga vinakosa pa kujificha, vinasogezwa kwenye vidimbwi na vihori vya kina cha goti. Wadudu wa nchi kavu hawapo tena. Mwishoni mwa kiangazi, kwenye vidimbwi hivyo, kambale anakula samaki kwelikweli. Anaweza hata kubaki kwenye dimbwi ambalo hewa yake imeisha, kwa kuwa ana kiungo cha kupumulia hewa ya juu, wakati perege wanahema mdomo wazi na kushikwa kirahisi. Mzee alipoeleza alivyowaona kambale wakitibua dimbwi lililojaa vifaranga hadi maji yakachemka, nilimwamini mara moja.

Lakini tazama hatima ya dimbwi lile. Korongo wamesimama pembeni, mwari na mnandi wanashuka, na maji yenyewe yanakauka. Kifaranga kilichobanwa humo kina nafasi ndogo sana ya kuuona mwezi wa pili. Kambale asipokila, kitaliwa na ndege au kitakauka. Kumwondoa kambale hapo hakurudishi perege bwawani kwa idadi ileile ya walioliwa. Anayeamua wingi wa vifaranga vinavyobanwa ni mwendo wa maji: yameshuka kasi kiasi gani, na yameacha nyasi muda gani kabla ya kurudi.

Perege naye ana habari yake. Perege wa Mtera, Oreochromis urolepis, ni mwenyeji wa mfumo wa Rufiji tangu asili, na kambale pia. Wameishi pamoja mtoni kabla bwawa halijafikiriwa. Dume huchimba kiota kwenye maji ya kina kifupi, jike hutaga, kisha hubeba mayai na vifaranga mdomoni hadi vikomae kidogo, halafu huvitema kwenye maji ya pembeni yenye majani. Kambale hayapati mayai yaliyo mdomoni mwa mama. Kinachohitajika ni ile bustani ya watoto pembeni ibaki salama kwa majuma kadhaa.

Na kokoro linapita wapi? Palepale. Kokoro linalovutwa kwenye maji ya kina kifupi linabomoa viota, linang'oa majani na kukusanya kila kitu, kifaranga cha perege kabla ya kambale. Ombi la wavuvi lingemlinda perege kwa chombo kinachomwua zaidi kuliko mtuhumiwa. Nililisema hili mkutanoni bila kuzunguka, na nikaongeza jambo ambalo halikupendwa: mahali na majira yaliyotajwa kwenye ombi, midomo ya mito mvua za kwanza, ni pale ambapo kambale majike waliojaa mayai wanakamatika kirahisi kuliko wakati wowote wa mwaka, nao ndio wenye bei nzuri. Baadhi walicheka. Hakuna aliyebisha.

Kuna ushahidi mwingine ambao uliwagusa zaidi kuliko Chivero na Sibaya, kwa sababu wapo waliokuwa na mabwawa ya kufugia nyumbani. Wafugaji huchanganya kambale kwenye bwawa la perege kwa makusudi, ili apunguze vifaranga visisongamane. Bwawa lile ni dogo, halina pa kukimbilia, na kambale yumo usiku na mchana. Hata hivyo mwisho wa msimu mfugaji akilikausha bwawa anakuta vifaranga bado vipo, vimepungua tu. Kama kambale hawezi kuvimaliza ndani ya uzio wa mita chache, atavimaliza vipi kwenye bwawa la takriban kilomita za mraba 600 likijaa?

Mmoja wa vijana aliuliza habari aliyoisoma kwenye simu, kwamba India wamempiga marufuku kambale wa Afrika kwa sababu anamaliza samaki wao. Ni kweli kwamba India imezuia ufugaji wake. Lakini kule ni mgeni. Samaki wa kule hawakukua naye, na hofu yao ina msingi. Kuchukua hukumu aliyopewa mgeni India na kumvika mwenyeji wa Ruaha ni kuchanganya kesi mbili.

Nilipendekeza mambo machache. Kibali cha kokoro kisitolewe, iwe kwa kambale au kwa samaki mwingine. Midomo ya mito iachwe majuma ya kwanza ya mafuriko. Nyavu za perege ziinuliwe mapema kuliko alfajiri, maana kila saa perege anayokaa wavuni inaongeza uwezekano wa kuliwa. Mvuvi akirudi usiku wa manane, anaokoa perege wake mwenyewe. Na BMU, yaani kikundi cha wavuvi cha kusimamia uvuvi wa mwalo, iwe na daftari la kawaida: tarehe, chombo kilichotumika, saa samaki alipotolewa, kiwango cha maji siku hiyo, kilichokutwa tumboni, na kama perege aliyekutwa ana alama ya uzi. Safu hiyo ya mwisho ndiyo niliyoisisitiza.

Pendekezo la usiku wa manane ndilo lililopata upinzani mkali, na upinzani ulikuwa wa haki. Mtera ina viboko na mamba. Mtu mwenye mtumbwi mdogo hawezi kwenda na kurudi gizani kwa ajili ya perege kadhaa. Tulikubaliana kwamba wenye mitumbwi mikubwa wajaribu, na wengine watege nyavu zao kwa kuzinyanyua kidogo kutoka chini ili zisilale juu ya tope, ambako kambale hupita zaidi. Hilo litapunguza wizi, halitaumaliza. Kambale akishanusa atapanda.

Kuhusu vidimbwi vya mwisho wa kiangazi, mzee alibaki na lake. Alitaka waruhusiwe angalau kuwatoa kambale humo kwa migono kabla maji hayajakauka. Sikuona sababu ya kumkatalia. Kambale aliyebanwa kwenye dimbwi linalokauka yuko kwenye foleni ileile na vifaranga, na mgono hauharibu kitu. Nilichomwomba ni kwamba kila dimbwi atakaloingia, aandike kwanza kina chake, kisha ndipo apasue matumbo.